Mji wa Kale ulivyonirudisha kwenye ukumbi wa nyanya

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si mkaa bure. Kina mama wa chama chetu hapa Ruiru walipokata shauri kwamba faida ya mwaka isigawanywe kwa masufuria na mablanketi kama ilivyo desturi, bali itupeleke Mombasa pamoja na watoto, wengi wetu tuliwaza ufuo wa bahari, ngamia na madafu. Lakini mweka hazina wetu, ambaye ni mwalimu wa historia, alishikilia kwamba siku moja nzima itengwe kwa ajili ya kutembea kwa miguu Mji wa Kale tukitazama nyumba.

Nyumba! Mmoja wetu aliuliza kwa nini mtu atoke Ruiru, mahali nyumba zinapoota kama uyoga, asafiri karibu kilomita mia tano kwenda kutazama nyumba nyingine.

Swali lake lilikuwa la haki. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilishwa kupanuliwa mnamo 2012, shamba la mibuni tulilokuwa tukikatiza tukienda shuleni limekuwa safu ya maghorofa, na kila ghorofa lina tangazo la bedsita mlangoni. Sisi ni watu wa nyumba mpya. Mtoto wa hapa anajua bei ya jiwe la Ndarugo kabla ya kujua jedwali la kuzidisha.

Nami nilikuwa nimebeba mzigo mwingine usiokuwa ndani ya mkoba. Nyanya yangu, mzaa mama, alituacha miaka mitatu iliyopita, na nyumba yake katika mtaa wa Majengo mjini Thika ingali imesimama. Ni nyumba ya vyumba sita, ya fito na udongo iliyopigwa lipu, mabati yake yamekuwa mekundu kwa kutu. Wapangaji waliomo wanalipa kodi ambayo mjomba wangu mkubwa husema haitoshi hata kumlipa wakili wa mirathi. Palikuwa pamejitokeza mnunuzi aliyetaka kuibomoa na kujenga ghorofa tano. Kikao cha familia kilikuwa kimepangwa Jumamosi baada ya safari yetu, na siwafichi wasomaji wangu, nilikuwa nimeshaamua kusema ndiyo. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya karo.

Tulipanda gari la moshi la asubuhi kutoka Syokimau, watoto wakahesabu ndovu mbugani Tsavo hadi wakachoka, na alasiri tukawa Mombasa. Sitaki kuwachosha kwa habari za joto.

Kesho yake asubuhi tulianzia Fort Jesus, kama kila mgeni anavyoanza. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mnamo 1593, kisha ikawa gereza tangu 1895 hadi 1958, na mnamo 2011 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Ni mahali pa kupendeza mno, lakini ngome si nyumba. Askari walikaa humo wakingoja kushambuliwa. Tulikuwa tumekuja kutazama mahali watu walipokaa wakingoja chakula cha jioni.

Mzee aliyetutembeza alikuwa wa umri wa kupita sitini, mzaliwa wa Kibokoni, na alivaa kikoi na kofia iliyodariziwa kwa mkono. Kabla hatujapiga hatua alitukusanya kivulini mbele ya jengo la mahakama ya zamani, lililojengwa mnamo 1902, akatupa masharti.

"Wanangu, ngome ndiyo makumbusho," alisema. "Huku tuendako ni kwa watu. Mlango ukiwa wazi si kwamba umefunguliwa wewe. Utakapo picha, omba."

Hatukuwa tumefika mbali mmoja wetu akasahau. Alimwelekezea simu mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karai mlangoni mwake, akiwa amejitanda buibui. Yule mama hakupandisha sauti. "Mwenzangu," alimwambia, "mimi si twiga." Tulicheka, lakini simu zote zilirudi mikobani, na ilibidi tununue viazi vya kutosha ili tusamehewe.

Barabara inayotoka ngomeni huitwa Ndia Kuu, na kwa Kimvita 'ndia' ni njia. Usidanganyike na hilo neno 'kuu'. Tuktuk na mkokoteni vikikutana hapo, mmoja lazima arudi nyuma. Mwanzoni watoto walidhani ni ufukara wa nafasi. Mzee akawaambia watazame juu na chini. Juu, nyumba za pande zote mbili zilikuwa zimekaribiana hata anga imekuwa utepe. Chini, jua halikuwa limetugusa hata kidogo ijapokuwa ilikuwa saa nne na nusu. Upenyo mwembamba kati ya nyumba ndefu huweka kivuli na kuupitisha upepo wa bahari. Nikakumbuka barabara mpya za mitaa yetu, pana, bila mti hata mmoja, mtu akitembea saa saba mchana anatamani kuwa mjusi aingie ufani.

Nyumba nyingi tulizoziona zilijengwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne iliyofuata. Wakati huo biashara ilikuwa imechangamka, na reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mnamo 1896 ikazidi kuichangamsha. Wafanyabiashara kutoka Kachi na Gujarati walileta mitindo yao na mafundi wao wa mbao, ndipo zikatokea roshani zile ambazo sasa ndizo sura ya mtaa. Chini palikuwa duka, juu familia. Roshani zenyewe zimeshikiliwa na mikono ya mbao iliyochongwa, na nyingi zimezungushiwa wavu wa mbao wenye matundu madogo madogo. Mwanamke aliyekaa humo ndani aliona kila kitu kilichopita barabarani, naye hakuonekana. Binti yangu, ambaye yuko sekondari na ana maoni juu ya kila jambo, alisema huko ni kufungwa. Mweka hazina alisema huko ni kuwa na habari za mtaa mzima bila kulipia. Waliendelea kubishana hadi kwenye milango.

Milango! Hapo ndipo tulipokaa kuliko mahali pengine popote. Kila mmoja una mabawa mawili, na katikati pana ubao uliosimama wima, uliochongwa kuliko sehemu nyingine, unaoitwa mfaa. Juu kwenye kizingiti huwa na maua, au maandishi ya Kiarabu, na mara nyingine mwaka. Mwenye mali alianza na mlango. Nyumba iliweza kungoja. Mzee alituonyesha pia mahali ambapo mlango haupo tena. Palikuwa na geti la chuma la rangi ya buluu, sawasawa na lile la ploti yetu Ruiru. Ule wa zamani, alisema, uliuzwa kwa mtu aliyekuja na lori usiku. Hakuongeza neno.

Mbele ya kila nyumba pana baraza, yaani kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Huo ndio mwisho wa mgeni wa kiume asiye jamaa. Atakunywa kahawa hapo, atazungumza siasa na bei ya samaki hapo, na ataondoka bila kujua ndani kumetandikwa nini. Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo. Mzee alibisha hodi kwenye nyumba ya jamaa yake, na Bi mwenye nyumba akatutazama akasema kina mama na mabinti waingie, wanaume wabaki na kahawa. Waume wawili waliokuwa wamefuatana nasi walikaa barazani kama wanafunzi waliochelewa.

Ndani palikuwa baridi. Sisemi baridi ya mashine, mashine haikuwapo. Ukipita mlango mkubwa hukutani na sebule bali na njia fupi inayopinda, ili mpita barabarani asione ndani hata mlango ukiachwa wazi. Kisha ua mdogo usioezekwa, wenye anga yake, na vyumba vikiuzunguka. Kuta zilikuwa nene. Nilipima mmoja dirishani, ukawa sawa na mkono wangu kutoka kiwikoni hadi ncha ya vidole. Ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya tanuri la kuni. Ukutani mwa chumba cha ndani palikuwa na zidaka, yaani vijishubaka vya kuwekea mabakuli na vyetezo.

Nilimwuliza Bi kwa nini vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Akaniambia nitazame dari.

Dari ilikuwa imebebwa na boriti, nguzo za mikoko zilizopangwa bega kwa bega. Mkoko haumpi fundi nguzo ndefu kupita kiasi. Hivyo chumba hakiwezi kuzidi mita tatu hivi kwa upana, labda uweke mhimili katikati. Nguzo hizo hizo zilipakiwa majahazini karne kwa karne kutoka sehemu za Lamu hadi Omani na nchi za Ghuba, kwa kuwa huko miti ni adimu, na huko pia zikaamua upana wa vyumba. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mnamo 1982. Basi mtu wa Maskati na mtu wa Mombasa walilala katika vyumba vya kipimo kimoja, kipimo alichokitoa mti uotao topeni. Jambo hilo limenikaa kichwani hadi leo.

Lakini nyumba ilikuwa mgonjwa, nayo haikuficha. Upande mmoja wa sebule lipu ilikuwa imevimba na kubanduka, na chini yake pametoka unga mweupe. Bi alieleza kwamba mwanawe alileta fundi akapaka saruji ili ukuta upendeze. "Ukuta huu umezoea kupumua," alisema. "Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi havina pa kutokea. Utaumwa ndani kwa ndani." Fundi wa chokaa siku hizi ni wachache, na kazi yake ni ya polepole, saruji ipo kila duka.

Ghorofa ya juu kabisa ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Paa lilianza kuvuja, kisha boriti mbili zikaoza. Nilimwuliza Bi kwa nini haikutengenezwa, na jibu lake ndilo lililonifanya niache kuandika kwenye daftari.

"Nyumba hii ina wenyewe ishirini na mmoja, mwanangu. Marehemu baba yangu alikuwa na ndugu, na ndugu wana watoto. Wengine wako Maskati, wengine Uingereza. Ikiwa ni kuuza, wote wana simu. Ikiwa ni paa, hakuna apatikanaye."

Ishirini na mmoja! Sisi Thika tuko saba tu, na tayari watatu hawasemezani.

Tulipotoka nje mweka hazina alitueleza kwamba mambo ya umiliki Mombasa yana vifundo ambavyo sisi wa bara hatuvijui. Zipo nyumba zilizowekwa wakfu na mzee wa kale, hizo haziuzwi. Zipo pia zile ziitwazo nyumba bila ardhi: kuta ni zako, udongo ni wa mwingine, na kila mwezi unamlipa mwenye udongo. Juu ya hayo Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwenye nyumba haruhusiwi kubomoa au kubadili sura ya mbele bila idhini, na tangu 2006 kuna sheria ya makumbusho na turathi inayoyasimamia mambo kama hayo nchini kote. Je, hilo linatosha? Mzee alicheka. Alisema wapo wanaokatazwa kubomoa, basi huacha dirisha wazi na kuitazama mvua ikiwafanyia kazi. Miaka kumi baadaye hakuna wa kulaumiwa.

Kutoka hapo tulishika barabara ya Sir Mbarak Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, tukapita msikiti wa Mandhry ambao inasemekana ulijengwa yapata 1570 na ndio mkongwe kuliko yote Mji wa Kale. Mnara wake ni mnene chini na mwembamba juu, hauna mapambo mengi. Tuliutazama kutoka nje kwa kuwa watu walikuwa wakijiandaa kwa sala. Mwisho wa barabara pana uwanja wa serikali unaopakana na bandari ya zamani ya majahazi, na si mbali na hapo iko Leven House. Jina hilo limetokana na meli ya Kiingereza ya nahodha William Owen, iliyotia nanga hapo mnamo 1824 wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, walipotaka ulinzi wa Waingereza dhidi ya Seyyid Said wa Omani. Ulinzi wenyewe ulikwisha mnamo 1826. Watoto walivutiwa zaidi na ngazi za mawe zishukazo hadi majini, na mmoja wao alirudi na kiatu kimoja.

Tulikaa karibu na maji, tukaletewa kahawa chungu na kaimati. Ndipo Mzee akaniuliza: "Na huko kwenu Thika, nyumba za kale zikoje?"

Nilijitutumua. Nilimtajia hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mnamo 1908 mahali penye maporomoko ya Chania na Thika. Nikamtajia nyumba ya McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba Juja na ambaye mnamo 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt. Alinisikiliza kwa adabu.

"Hizo ni za Wazungu," akasema. "Zenu?"

Nikanyamaza. Kisha, nadhani kwa aibu tu, nikamweleza nyumba ya nyanya. Nikamwambia ina mlango mmoja mbele na kiti cha udongo kilichopakwa saruji kando yake, ambacho nyanya alikalia akichambua maharagwe. Ukiingia kuna ukumbi mrefu ulionyooka hadi nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Nyuma kuna ua, na uani kuna jiko, bafu na choo.

Mzee alichukua kipande cha makaa akachora kwenye jiwe tulilokalia. Mstari, mstari, vyumba vitatu, vyumba vitatu, ua, baraza. Alinitazama. "Hivi?"

Ilikuwa hivyo hasa.

"Hiyo ni nyumba ya huku," alisema. "Hiyo ni yetu, ilipanda gari la moshi."

Mweka hazina alidakia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Majengo ya Pumwani kule Nairobi, yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, yalijaa nyumba za namna hiyo, na wenye nyumba wasiokuwa wachache walikuwa wanawake. Watu wa pwani waliofuata reli, au watu wa bara walioishi nao na kuiga ustaarabu wao, waliijenga kwa udongo na mabati mahali pasipo matumbawe wala boriti, lakini ramani hawakuibadilisha. Mwanamke aliyekuwa na nyumba kama hiyo aliweza kulala chumba kimoja, akapangisha vitano, akalea watoto wake bila kumpigia mtu magoti. Nyanya yangu alifanya hivyo hivyo. Alipangisha wafanyakazi wa viwandani, akamsomesha mama yangu hadi chuo cha ualimu. Nilijua habari hiyo maisha yangu yote, ila sikuwahi kufikiri kwamba ramani ya nyumba ilikuwa na mkono ndani yake.

Ijumaa baada ya kurudi nilipanda matatu hadi Thika, nikaenda Majengo peke yangu. Ukumbi ulikuwa umefagiwa. Mpangaji wa chumba cha nne, mama wa watoto wawili, aliniambia wao hufagia kwa zamu, kama nyanya alivyowapangia, na hakuna aliyewaambia waache.

Kikao kilifanyika. Nilisema yangu, nikaeleza habari za boriti na ramani na reli, wakanisikiliza kama watu wanavyomsikiliza mtoto aliyetoka ziara ya shule. Mjomba mkubwa alikohoa. "Mwanangu, hizo za Mombasa ni za mawe. Hii ni udongo. Mvua ya Aprili haitangoja historia." Naye hakusema uongo, pembe ya nyuma imeanza kulala. Mama mdogo aliuliza wapangaji wataenda wapi, akajibiwa kwamba hilo si la mirathi. Mjomba mdogo, ambaye ndiye mwenye shida ya pesa kuliko sisi sote, hakusema kitu, na kimya chake kilinisumbua kuliko maneno yote.

Mwishowe tulikubaliana tusitie sahihi kwa mwezi mmoja. Katika mwezi huo mimi nilete fundi akague kuta na paa, aseme gharama, na kila mmoja wetu ataje kiasi atakachotoa. Ikiwa gharama ni kubwa kuliko michango, mnunuzi ataitwa. Nami sharti niwe wa kwanza kutaja changu mbele ya wote, na karo ya binti yangu haijapungua hata senti moja.

Msomaji atakayetaka kufuata nyayo zetu, vaa viatu vya chini na nguo ya heshima, anza mapema kabla ya sala ya adhuhuri, tafuta mtembezaji mzaliwa wa mtaa, na mlipe bila kumnyonga. Watoto wabebe vitambulisho vya shule kwa ajili ya kiingilio cha ngomeni. Na ikiwa kwenu Thika, Nakuru, Machakos au kwingineko kungali na nyumba ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku, niandikie uniambie nani aliijenga na nani anaifagia sasa.

Fundi anakuja Jumanne.